Molekuli za kufumba na kufumbua, na asilimia za kwenye lebo

Ukizunguka Soko la Majengo hapa Dodoma, au ukisubiri Nanenane uingie mabanda ya Nzuguni, utaona unga wa ubuyu, majani ya mlonge, rosela iliyokaushwa na juisi ya zabibu vimepandishwa cheo. Vilikuwa vyakula, leo ni tiba. Karatasi iliyobandikwa kwenye kopo inasema bidhaa ina antioksidanti, inaondoa radikali huru, inarudisha ujana, na siku hizi baadhi zinabeba hata tarakimu: asilimia themanini na kitu, asilimia tisini. Mwenye banda mmoja alinihakikishia, “Hii, kaka yangu, inafagia radikali zote mwilini, na imepimwa maabara.” Sikuwa na sababu ya kumwona mwongo. Inawezekana kabisa imepimwa. Ninachogombana nacho ni kile kilichopimwa.

Niseme mapema ninachoamini. Molekuli hizi za muda mfupi, yaani radikali na ndugu zake, ambazo biashara ya afya imezigeuza mashetani, hazieleweki bila saa mkononi. Kuuliza kama ipo au haipo hakusaidii kitu kwa jambo linalozaliwa na kutoweka kabla hujapepesa jicho. Maswali yenye faida ni mawili: inaishi muda gani ikiwa ndani ya maji ya mwili, na katika muda huo inakutana na nani kwanza. Asilimia ya kwenye lebo haijibu hata moja. Na upotofu wenyewe haukuanzia sokoni. Ulianzia maabara za vyuo, ambako tasnifu baada ya tasnifu hurudia kipimo kilekile kwa mmea mwingine, kisha watu wanashangaa mfanyabiashara akichukua namba na kuibandika kwenye kopo.

Radikali ni atomu au molekuli yenye elektroni isiyo na mwenza, na kwa sababu hiyo hutafuta mwenza kwa nguvu. Kuelekea mwisho wa karne ya 19 wanakemia wengi walikuwa wamekata tamaa kwamba radikali ya kaboni inaweza kusimama peke yake. Mwaka 1900 Moses Gomberg wa Chuo Kikuu cha Michigan akatengeneza moja iliyokaa kwenye mmumunyo muda wa kutosha kuchunguzwa, na hata hapo wengi walichelewa kumwamini. Mwaka 1956 Denham Harman akatoa nadharia kwamba kuzeeka kunatokana na uharibifu wa radikali unaojilimbikiza kwenye seli. Nadharia hiyo haikupata nguvu hadi 1969, pale Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke walipoonyesha kwamba protini moja ya chembe nyekundu za damu, iliyojulikana kitambo bila kazi inayoeleweka, ni kimeng'enya cha kuondoa radikali ya supaoksaidi. Kama mwili umejiwekea kimeng'enya cha kuiondoa, basi mwili wenyewe unaizalisha kila siku. Kutoka hapo hadi kopo la vidonge hapakuwa mbali: radikali zinaharibu, antioksidanti zinazuia, basi tumeze antioksidanti.

Hoja hiyo inaruka muda. Jina moja la “radikali huru” limefunika vitu vya tabia tofauti kabisa. Radikali ya haidroksili, kali kuliko zote zinazotokea mwilini, ndani ya seli inaishi takriban nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde, na katika muda huo inasogea nanomita chache tu. Inamuunguza jirani aliyekuwapo pale ilipozaliwa, basi. Oksijeni singleti, ambayo hata si radikali ingawa matangazo huichanganya humohumo, inaishi mikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) tatu hadi nne kwenye maji ya kawaida, lakini kwenye maji mazito, ambamo haidrojeni imebadilishwa na dutiriamu, yaani haidrojeni nzito, umri wake unaongezeka karibu mara ishirini. Hapo kilichobadilika ni kiyeyushi tu. Molekuli ni ileile. Peroksinitriti, inayozaliwa supaoksaidi inapogongana na nitriki oksidi, ina nusu-maisha, yaani muda wa nusu yake kutoweka, ya kama sekunde moja kwenye mmumunyo safi wenye pH ya damu, ila mwilini, ambako kaboni dioksidi ni tele, inashuka hadi sehemu za mia za sekunde. Nitriki oksidi yenyewe inaweza kudumu sekunde kadhaa, ikapenya utando wa seli na kwenda kufanya kazi kwa jirani. Nitroksili, ambayo ni nitriki oksidi iliyoongezewa haidrojeni moja, haiwekeki kwenye chupa hata kidogo: molekuli mbili zikikutana majini zinaungana na mwisho wake ni gesi ya nitrasi oksidi. Anayetaka kuichunguza hana budi kutumia chumvi inayoiachilia ndani ya mmumunyo wakati huohuo wa jaribio, kama ile iliyotengenezwa na Mwitaliano Angelo Angeli mwaka 1896, na apime kwa haraka kuliko inavyojimaliza.

Jinsi watu walivyojifunza kuzifukuzia molekuli hizi ni sura ya sayansi ambayo wanafunzi wetu wengi hupita bila kuonjeshwa, na ni hasara. Mwaka 1923 Hartridge na Roughton, huko Cambridge, walitaka kujua hemoglobini inashika oksijeni kwa kasi gani. Hawakuwa na kifaa cha elektroniki cha kunasa milisekunde. Walichofanya ni kusukuma mimiminiko miwili kwa nguvu ikachanganyika kwenye kichumba kidogo, kisha mchanganyiko ukakimbia ndani ya bomba la kioo. Kila sentimita ya bomba ikawa ni umri fulani wa mmenyuko: karibu na mdomo mmenyuko ndio kwanza umeanza, mbele kidogo umeshafika nusu, mbele zaidi umekwisha. Wakapima rangi sehemu mbalimbali za bomba, na muda ukawa umegeuzwa umbali. Mwaka 1940 Britton Chance akaiboresha njia hiyo kwa kusimamisha mtiririko ghafla. Mwaka 1949 Ronald Norrish na George Porter wakaja na mwanga mkali wa ghafla wa kuzalisha radikali, ukifuatwa na mwanga wa pili wa kuzinasa kabla hazijatoweka. Wao na Manfred Eigen wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1967. Mwafrika mwenzetu Ahmed Zewail, mzaliwa wa Misri aliyefanyia kazi Marekani, aliipata peke yake mwaka 1999 baada ya kushuka hadi femtosekunde, sehemu ya milioni ya nanosekunde, ambako vifungo vya atomu vinaonekana vikikatika.

Sasa weka kando ya hayo kipimo kinachozaa asilimia za Majengo. Mara nyingi ni kile cha DPPH. Huu ni unga wa zambarau iliyokolea karibu na weusi, na ni radikali kweli, ila ni radikali inayouzwa dukani ndani ya chupa na kukaa kwenye friji miezi na miezi. Mwanafunzi anaiyeyusha kwenye methanoli, anatia matone ya dondoo la mmea wake, anaiacha gizani dakika thelathini, halafu anasoma kwenye spektrofotomita, kifaa cha kupima ukolevu wa rangi, kwa mwanga wa nanomita 517. Zambarau ikififia kuelekea njano, dondoo limefanya kazi. Rangi ikipungua sehemu tisa kati ya kumi, daftarini panaandikwa asilimia tisini. Kwa kujua kama mmea una vitu vinavyotoa elektroni au haidrojeni bila ubishi, kipimo hiki kinafaa. Lakini mishipani hakuna methanoli, na katika dakika hizo thelathini peroksinitriti, hata kwenye mmumunyo safi, ingekuwa imepitisha nusu-maisha 1,800. Kupima antioksidanti kwa DPPH ni kupima mbwa wa kuwindia kwa kumpa mbuzi aliyefungwa kamba: atamkamata, kila mbwa atamkamata, na kuhusu swala hujajua lolote. Wamarekani walilipata somo hili kabla yetu. Wizara yao ya Kilimo ilikuwa na orodha ya vyakula na alama zao za uwezo wa kunyonya radikali kwenye maabara, kwa kipimo kiitwacho ORAC. Mwaka 2012 ikaiondoa kwenye tovuti, ikieleza kwamba alama hizo hazina uhusiano na kinachotokea mwilini na kwamba wauzaji wa vyakula na virutubisho wanazitumia vibaya.

Tufanye hesabu kidogo, maana kiini kiko hapa. Kasi ya mmenyuko kwenye mmumunyo inatokana na wepesi wa molekuli kumenyuka zikikutana, ukizidisha na wingi wa kila moja. Vitamini C ikikutana na radikali ya haidroksili inamenyuka kwa wepesi unaokaribia ukomo wa maumbile, namba ya kasi ya kama bilioni kumi ukipima kwa mola (kipimo cha wingi wa molekuli) na sekunde. Glukosi iko nyuma, kama bilioni moja na nusu. Hapo mtu atasema vitamini C imeshinda. Lakini damu ya mtu mwenye afya ina vitamini C ya mikromola hamsini hivi kwa lita, na glukosi milimola tano, yaani mara mia. Zidisha mwenyewe: kwa kila radikali moja inayokwenda kwa vitamini C, takriban kumi na tano zinaangukia glukosi. Na bado hatujaingiza albumini na protini nyingine, ambazo zinaipita hata glukosi. Kwa kigezo cha lebo, basi, sukari ya damu ni antioksidanti kubwa kuliko maji ya chungwa, na sijamwona anayethubutu kuuza sukari kwa tangazo hilo. Polifenoli, yaani antioksidanti za mimea, za zabibu na rosela hali yao ni ngumu zaidi. Utumbo na ini hubadilisha sehemu kubwa kabla hazijafika popote, na zinazoingia kwenye damu zikiwa bado nzima kwa kawaida hazifiki mikromola moja. Hakuna kinachomezwa kinywani kinachoweza kuwahi tukio la nanosekunde moja ndani ya seli ya ini. Hata kingekuwa kizuri namna gani, hakiwezi.

Hesabu hiyohiyo, ikifanywa mahali pengine, ndiyo inayowapa antioksidanti heshima yao, na mahali penyewe hapako mbali na sisi. Barabara ya Dodoma kwenda Singida, ukishaipita Manyoni, mafuta ya alizeti yanauzwa kando ya lami kwenye chupa za maji na madumu ya plastiki angavu, jua la saa saba likiwa limeyakalia. Humo ndani radikali za peroksili zinasafiri kwa mnyororo: moja inang'oa haidrojeni kwenye asidi ya linoleiki, moja ya asidi za mafuta hayo, inazaa nyingine, nayo inang'oa kwa inayofuata, hadi mafuta yanachacha. Ila kila hatua ya mnyororo huo ni ya polepole mno kwa viwango vya radikali. Namba yake ya kasi ni kama sitini tu. Vitamini E inayokuja na mbegu ya alizeti yenyewe inamenyuka na peroksili hiyohiyo kwa namba ya kasi ya milioni tatu hivi. Ndiyo maana kiasi kisichofika gramu moja kwa kilo ya mafuta kinatosha kuidaka radikali kabla haijashika asidi inayofuata. Hapa mlinzi ana muda, tena yumo ndani ya nyumba tayari. Mwanga mkali, joto, na chembe za chuma kutoka kwenye mashine ya kukamulia vinamchosha haraka, na akiisha, mafuta yanaharibika kwa mkupuo. Anayesema antioksidanti ni utapeli mtupu, kama wanavyosema baadhi ya madaktari waliochoshwa na matangazo, hajawahi kulinganisha dumu la juani na dumu la ndani ya stoo.

Mvinyo wa Dodoma unafundisha zaidi. Asidi kuu ya zabibu ni ya tartariki, na ilikuwa ni kwa asidi hiyo Henry Fenton, mwaka 1894, alieleza jinsi chuma kidogo na haidrojeni peroksidi vinavyofanya uoksidishaji mkali. Leo tunajua kwamba mmenyuko huo wa Fenton ni kiwanda cha radikali za haidroksili. Kwenye pipa la mvinyo chuma hakikosekani, hata kama ni miligramu chache kwa lita. Hewa ikiingia, oksijeni ikisaidiwa na chuma pamoja na polifenoli inageuka peroksidi, peroksidi inazaa haidroksili, na haidroksili haina muda wa kuchagua: inagonga kilicho kingi, nacho ni pombe yenyewe, ikazaa asetaldehaidi inayoharibu harufu. Angalia waliomo kwenye tukio hilo. Polifenoli, zinazosifiwa kwenye lebo kwa kufagia radikali, ndani ya pipa ndizo zinazosaidia kuzaa peroksidi. Mtengenezaji mvinyo anayeijua kazi yake hahangaiki kuikimbiza haidroksili, anajua hataiwahi. Anatia salfa dioksidi, inayoidaka peroksidi hatua moja kabla. Sijaona funzo la kemia ya mmumunyo lililo wazi kuliko hilo, na linafundishika bila kutoka nje ya mkoa.

Hoja za upande wa pili nimezisikia, na baadhi zina uzito. Kwamba matunda na mboga ni afya, hakuna ubishi, na anayekula ubuyu badala ya soda amefanya vema. Faida hiyo haihitaji radikali kuielezea, kwa kuwa kuna nyuzinyuzi, potasiamu na vitamini zenye kazi zao zinazojulikana. Kwamba DPPH ni nafuu, inamfundisha mwanafunzi kutumia spektrofotomita na inamsaidia anayetenganisha dondoo kujua sehemu ipi aifuatilie, nalo nakubali. Nzito kuliko zote ni ya mkulima. Wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi wanajua maana ya msimu wa neema usio na mnunuzi, na mtu anayekuja na lebo inayoongeza bei ya juisi anaonekana mkombozi. Simbezi. Nina shaka tu na soko lililosimama juu ya dai ambalo mkaguzi wa nchi ya nje atalikataa siku ya kwanza shehena inapofika bandarini kwake.

Hoja dhaifu, ambayo ndiyo inayorudiwa zaidi, ni ile ya “hata isiposaidia, haidhuru.” Hii imejaribiwa kwa watu, na ikaanguka. Ufini walifuatilia wanaume wavutaji sigara 29,133. Matokeo ya mwaka 1994 yakaonyesha kwamba waliopewa vidonge vya betakarotini, antioksidanti ambayo mwili huigeuza vitamini A, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Marekani utafiti mwingine, uliohusisha watu zaidi ya 18,000 waliovuta sigara au kufanya kazi na asbesto, ulisimamishwa kabla ya wakati mwaka 1996 kwa sababu kundi la betakarotini na vitamini A lilikuwa na saratani ya mapafu kwa asilimia 28 zaidi. Mwaka 2011 utafiti wa wanaume zaidi ya 35,000 ukaripoti saratani ya tezi dume kuongezeka kwa asilimia 17 kwa waliomeza vitamini E ya kipimo kikubwa. Mtu atasema hivyo ni vidonge, si bakuli la ubuyu, na atakuwa sahihi. Lakini matone na vidonge “vya asili vilivyokolezwa” vinavyotumwa sasa kwenye makundi ya WhatsApp vinajisifu kwa ukolezi huohuo. Huwezi kujisifu kwa nguvu ya kidonge kisha ukajitetea kwa upole wa bakuli.

Kuna jambo ambalo mjadala wa kufagia unalikosa kabisa: mwili unazitaka baadhi ya molekuli hizi. Seli nyeupe ikimeza bakteria inammiminia supaoksaidi, inaigeuza haidrojeni peroksidi, kisha inatengeneza asidi ya haipoklorasi, ileile inayoua vijidudu kwenye maji ya bomba yaliyotiwa klorini. Kuna watoto wanaozaliwa na kasoro ya kimeng'enya cha kuzalisha supaoksaidi hiyo. Hawafaidiki na usafi wao wa radikali, wanaugua maambukizi mazito mara kwa mara. Nitriki oksidi ndiyo inayolegeza mishipa ya damu. Ilisumbua watafiti miaka mingi kwa sababu kitu kilichotoka kwenye ukuta wa mshipa kilikuwa kinapotea ndani ya sekunde chache kikisafiri kwenye bomba la jaribio. Mwaka 1986 kundi la Salvador Moncada, huko Uingereza, likaonyesha kwamba ukiondoa supaoksaidi kwa kimeng'enya cha McCord na Fridovich, kitu hicho kinaishi muda mrefu zaidi. Jibu lilipatikana kwa kupima umri wa molekuli, na mwaka uliofuata ikathibitishwa kwamba ni nitriki oksidi. Nobel ya tiba ya mwaka 1998 ilikwenda kwa Furchgott, Ignarro na Murad. Moncada akaachwa, jambo ambalo wengi bado wanalinung'unikia.

Na kwetu hapa? Dawa mseto ya malaria ina kitu kilichotokana na artemisinini, dawa iliyompa Tu Youyou wa China Nobel ya mwaka 2015. Ina daraja la oksijeni mbili ambalo likikutana na chuma cha himi, sehemu ya hemoglobini inayoshika oksijeni, ndani ya kimelea linakatika na kuzaa radikali za kaboni zinazokishambulia kimelea humohumo. Mgonjwa anapona kwa radikali. Chukua tena selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo, na Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa jijini imeanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye ugonjwa huo. Chembe nyekundu zikipasuka, hemoglobini iliyomwagika kwenye damu inaidaka nitriki oksidi kwa kasi kubwa kuliko ile iliyobaki imefungiwa ndani ya chembe, na mishipa inakosa cha kuilegeza. Ni ushindani wa kasi ndani ya mmumunyo, na mtoto ndiye anayelipa. Daktari anayetaka kuelewa kwa nini dawa fulani ya kuachilia nitriki oksidi inafanya kazi dakika tano kisha inakwisha anahitaji mwanakemia wa kasi pembeni yake. Asilimia ya DPPH haitamsaidia chochote.

Hapo ndipo ninapopingana na wale wasemao kwamba utafiti wa molekuli za mikrosekunde ni anasa ya nchi tajiri. Wana hoja kuhusu leza: mtambo wa mwanga wa ghafla ni ghali, unataka fundi, unataka umeme usioyumba. Lakini si kila kipimo cha kasi kinahitaji kuiona molekuli. Kuna njia ya ushindani, ya miaka mingi na ya bei nafuu. Unazalisha haidroksili polepole kwa chuma, peroksidi na vitamini C. Unaweka deoksiribosi, sukari ambayo kasi yake na haidroksili inajulikana. Unaongeza kitu unachokichunguza kwa viwango tofauti. Mwishoni unachemsha na asidi ya thaiobabituriki, sukari iliyoshambuliwa inatoa rangi ya waridi, unasoma nanomita 532. Jinsi waridi unavyopungua kadiri kitu chako kinavyoongezeka, unakokotoa namba ya kasi ya kitu chako. Spektrofotomita ni ileile iliyosomea DPPH. Kwa peroksili, kuna vianzishi vinavyoachilia radikali kwa mwendo usiobadilika kwenye nyuzijoto 37, na unachohitaji ni bafu ya maji na uvumilivu. Dodoma ina chuo kikuu tangu 2007, ina hospitali ya rufaa ya kufundishia, ina kituo cha utafiti wa zabibu Makutupora, vyote ndani ya jiji moja. Kinachokosekana ni msimamizi wa tasnifu wa kumwambia mwanafunzi kwamba mmea wa arobaini kwa DPPH hautamfundisha kitu ambacho mmea wa kwanza haukumfundisha.

Kwa upande wa lebo, sihitaji marufuku. Usalama wa chakula tangu 2019 uko chini ya Shirika la Viwango, na tiba asili zina baraza lake, vyombo vipo. Sharti moja lingetosha kusafisha sehemu kubwa ya kelele: anayeandika asilimia ya kuondoa radikali aandike pia ni radikali gani, kwenye kiyeyushi gani, kwa dakika ngapi. “Asilimia 90 ya DPPH kwenye methanoli baada ya dakika 30” ni sentensi ya kweli, na mnunuzi akiisoma ataamua mwenyewe. Nadhani wauzaji wengi wataifuta wenyewe.

Na kama kuna fedha ya utafiti mmoja tu, ningeipeleka barabara ya Singida. Mwanafunzi achukue mafuta ya mkamuaji mmoja, ayagawe kwenye chupa angavu, chupa ya rangi na dumu la bati, nusu juani na nusu kivulini, apime kila wiki peroksidi iliyojikusanya na vitamini E iliyobaki. Thamani ya peroksidi inapimwa kwa iodini, wanga na thayosalfeti, vitu ambavyo hata maabara ya kidato cha sita inavyo. Mwisho wa msimu wauzaji wa Manyoni na Ikungi watakuwa na jedwali la kuwaonyesha mafuta yao yanavumilia siku ngapi juani kabla vitamini E haijaisha, na kama chupa ya rangi inalipa gharama yake.